Deeqa si kudeka: asili na maana ya jina adimu la kike lisikikalo Bulla Pesa

Simama kwenye lango la shule yoyote ya Bulla Pesa, mjini Isiolo, saa ya watoto kutoka, kisha uite "Halima!" Watageuka wengi. Ita "Fatuma" au "Amina", mambo ni yale yale. Sasa ita "Deeqa". Huenda akageuka mmoja, na huenda asigeuke yeyote.

Huku kwetu Pwani jina hili ni geni zaidi. Mtu akilisikia kwa mara ya kwanza, masikio yake hukimbilia neno tunalolijua: kudeka. Mtoto aliyelelewa kwa mayai hudeka, na anayemzoesha hivyo amdekeza. Basi msichana akijitambulisha kuwa yeye ni Deka, watu hutabasamu, na wa karibu huanza mzaha: "Ndiyo maana wapenda kubembelezwa!" Mzaha wenyewe hauna ubaya, lakini jina lake halina uhusiano wowote na kudeka. Limetoka katika lugha nyingine, lina maana nzito, na namna linavyoandikwa katika karatasi za serikali inaweza kumrahisishia msichana maisha au kumtatiza.

Makala haya yaeleza jina hilo limetoka wapi, lina maana gani, kwa nini laandikwa kwa namna nne tofauti, na mzazi anayelipenda ajihadhari na nini.

Mtaa wenye majina ya lugha nyingi

Kwanza tuujue mtaa. "Bulla" ni neno linalotumika katika miji mingi ya kaskazini mwa Kenya kwa maana ya mtaa au kitongoji. Garissa, kwa mfano, kuna Bulla Iftin, na "iftin" kwa Kisomali ni nuru. Neno la pili katika Bulla Pesa kila msomaji wa Pwani alisoma bila mkalimani. Leo Bulla Pesa ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Isiolo Kaskazini.

Isiolo ni mji wa watu waliokutana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza walipewa nafasi ya kukaa hapo, wengi wao wakiwa wa koo za Isaaq na Harti. Majirani zao wakawa Waborana, Wasamburu na Waturkana katika nyika ile, na Wameru katika miteremko ya kusini. Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya kituo cha magari na ya kambi ya jeshi. Na sasa mji huu umetukaribia zaidi: Isiolo imo katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, na njia inayotoka bandari ya Lamu kupitia Garissa yaelekea huko.

Kwa sababu hiyo, daftari la mahudhurio la darasa moja la Bulla Pesa laweza kuwa somo la lugha. Mtoto wa Kiborana huitwa kwa wakati au hali aliyozaliwa nayo. Guyo ni aliyezaliwa mchana, na wa kike huwa Guyatu. Galgalo ni wa jioni. Roba ni wa mvua. Godana ni aliyezaliwa wakati wa kuhama, na wasomaji wa Tana River watalitambua jina hilo kwa sura ya Godhana. Mturkana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Ekiru akiwa wa kiume na Akiru akiwa wa kike. Mmeru humwita bintiye Makena, yaani mwenye furaha, au Kendi, yaani apendwaye. Na Msomali naye ana Roble kwa mwana wa kiume wa mvua. Lugha tatu za ufugaji, na zote zimeiweka mvua katika majina ya watoto. Anayejua ukame wa nyika ile hahitaji kuelezwa kwa nini.

Pamoja na hayo yote, majina yanayotawala miongoni mwa wasichana wa Kiislamu ni yale yale ya Mombasa na Lamu: Fatuma, Khadija, Amina, Halima, Habiba. Ni majina ya nyumba ya Mtume na ya wanawake wema wa mwanzo, na si ajabu yakapendwa. Majina ya Kisomali asilia kwa wasichana yapo, ila ni machache zaidi masikioni: Hodan (utajiri), Barwaqo (neema na ustawi), Ladan (siha njema), Ubah (ua), Idil (aliyekamilika). Deeqa ni wa kundi hili.

Mzizi mmoja, maana mbili

Kwa Kisomali, "deeq" ni neno lenye nyuso mbili, na uzuri wa jina wakaa hapo.

Uso wa kwanza ni kutoa. Deeq ni kipawa, ni ruzuku, ni kitu alichopewa mtu kwa ukarimu bila kudaiwa. Mtu mkarimu huitwa "deeqsi". Hata leo, mwanafunzi anayelipiwa masomo husemwa amepata deeq ya elimu, kama sisi tunavyosema amepata ufadhili.

Uso wa pili ni kutosha. Kitu "kikimdeeqa" mtu, kimemtosheleza. Amekipata na hana haja ya kutafuta zaidi. Si kutosha kwa kibaba kilichojaa tu, bali pia kutosha kwa moyo uliotulia.

Ukiziweka nyuso hizo pamoja, jina lasema hivi: huyu ni zawadi, na zawadi hii yatutosha. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote mawili, lakini tuna majirani zake. Zawadi na Neema ni majina yetu ya kike yenye uso wa kwanza. Riziki limekaa katikati, kwa kuwa riziki ni kile alichokupa Mungu na pia ni kile kinachokutosha kwa siku yako. Kwa uso wa pili tuna kitenzi kizuri tulichokipata kwenye Kiarabu, kukinai. Wazee husema kukinai ni hazina isiyokwisha. Mama anayemwita bintiye Deeqa asema neno la namna hiyo: nimepewa, na nimekinai.

"Inatosha" ya shukrani

Tatizo huanza pale mtu anaponyakua nusu ya maana. Akiambiwa Deeqa ni "inatosha", huuliza kwa kejeli: "Kwani wazazi wako walichoka kuzaa wasichana?"

Swali hilo halitoki hewani. Zipo nchi ambako majina ya "inatosha" kweli yalitolewa kwa wasichana kwa sababu ya uchovu. Uturuki kuna jina la kike Yeter, maana yake ni inatosha, na linajulikana kama jina alilopewa binti wa nne au wa tano katika nyumba iliyokuwa ikingoja mvulana. India mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika jimbo la Maharashtra, wasichana wengi waliitwa Nakusa au Nakushi, yaani asiyetakiwa. Mwezi Oktoba 2011, wilaya ya Satara iliandaa hafla ambapo wasichana 285 waliokuwa na majina hayo walipewa majina mapya waliyoyachagua, pamoja na vyeti. Wengine walichagua majina ya waigizaji wa filamu, wengine majina ya miungu, wengine neno lenye maana ya furaha. Fikiria mtoto anayeamka kila siku, aitwe kwenda kuteka maji, aitwe darasani, aitwe kula, na kila anapoitwa aambiwe kuwa hatakiwi.

Nasi pia tuna majina ya huzuni. Shida, Tabu, Mashaka na Sikujua ni watu tunaowajua. Mengine yalitolewa kwa sababu ya mazingira ya kuzaliwa, mengine kwa kumkinga mtoto na husuda. Sina ugomvi na wenye majina hayo, na wengi wao wamefanya Shida kuwa jina la heshima. Ninachosema ni kuwa jina huingia mwilini mwa mtoto kabla hajajua kusoma, na maana anayoambiwa na watu wazima ndiyo anayokua nayo.

Kwa hiyo kosa la kumtafsiria Deeqa nusu si dogo. Msichana anayeambiwa "jina lako ni zawadi iliyotutosheleza" na msichana anayeambiwa "jina lako ni basi, tumechoka" wanabeba herufi zile zile, ila mizigo miwili tofauti kabisa. Na Kisomali kiko upande wa yule wa kwanza. Neno lile lile linalotaja kutosha ndilo linalotaja ukarimu, na haliwezi kuvuliwa ukarimu wake likabaki malalamiko.

Safari ya herufi moja

Sasa tuje kwenye tahajia, maana hapa ndipo penye usumbufu wa kila siku.

Herufi ya q katika Deeqa si pambo. Ni sauti ya kooni, jamaa ya qaf ya Kiarabu. Na zile e mbili zaonyesha kuwa sauti yavutwa. Lugha ya Kisomali ilipata mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini mwaka 1972, chini ya serikali ya Mogadishu, na tangu hapo tahajia ya Deeqa ikawa wazi kwa waliosoma kwa mfumo huo.

Lakini Wasomali wa Kenya hawakusomeshwa kwa mfumo huo. Majina yao yaliandikwa na makarani wa serikali, walimu na wauguzi, kila mmoja kwa sikio lake. Wengine waliikaribia sauti ya koo kwa kuandika kh, wakapata Dekha. Wengine waliandika k peke yake, wakapata Deka, na hiyo ndiyo sura inayopatikana pia Jibuti, ambako mkono wa Kifaransa ulipita. Walioondoa e moja wakabaki na Deqa. Ndugu wawili waliozaa mabinti na kuwaita kwa jina moja la bibi yao waweza kuwa na Dekha mmoja na Deka mmoja, na hakuna aliyekosea nyumbani.

Waborana nao wana kisa kama hicho. Lugha yao ina sauti yake ya q, isiyo ile ya Kisomali, nayo pia hupotea kwa karani. Waqo huwa Wako, na Qabale huwa Kabale.

Sisi Waswahili tusiwacheke. Tulifanya vivyo hivyo kwa maneno ya Kiarabu, ila tulifanya pamoja na kwa karne nyingi, mpaka tukakubaliana. Qaf yao ikawa k yetu: qadhi akawa kadhi, waqt ikawa wakati, sadaqa ikawa sadaka, rizq ikawa riziki. Kwa kanuni hiyo, Mswahili anayesema Deka hajakosea kwa lugha yake. Amefanya alichofanya babu yake. Shida ni kuwa ulimi wetu umemleta Deeqa hadi kwenye mlango wa neno lililokwisha kuwa na mwenyewe, yaani kudeka, na hapo jina la shukrani likageuka jina la kubembelezwa.

Hali hii yaweza kutokea hata ndani ya majina tunayoyaona ni yetu. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. Wakati huo huo mke mwema wa Firauni ajulikana kwetu kwa jina la Asiya, na wasichana wengi wa Pwani wameitwa kwa ajili yake. Kwa Kiarabu hayo ni majina mawili yenye herufi tofauti. Kwa mwandiko wetu ni kitu kimoja. Anayetafuta maana ya jina kwa kutazama herufi za Kilatini pekee anaweza kumwita mwema muasi.

Dekha wa Wajir

Kama kuna mtu aliyelifanya jina hili lijulikane Kenya na nje, ni Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Kisomali za Wajir zilipigana vibaya. Ukame ulikuwa umeua mifugo, silaha zilikuwa zimejaa baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na wafu walihesabiwa kila upande.

Dekha na wanawake wenzake wachache wa koo mbalimbali walianzia mahali ambapo wanaume hawakupaangalia sana, yaani sokoni. Walitaka mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza maziwa na kununua nafaka bila kufukuzwa. Kutoka sokoni wakawafikia vijana, kisha wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakakubaliana katika mapatano yajulikanayo kama Azimio la Al Fatah. Baadaye juhudi hizo ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano wa kamati hiyo ukaigwa katika wilaya nyingine nchini.

Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Mwisho wa mwaka huo huo Kenya iliingia katika fujo za baada ya uchaguzi, naye akawa miongoni mwa waliounda kundi la Wananchi Wanaojali Amani, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Amani ya jimbo la Hesse nchini Ujerumani. Miaka yake ya baadaye aliishi Mombasa, kwa hiyo wapo wasomaji wetu waliomjua kama jirani. Alifariki tarehe 14 Julai 2011, siku chache baada ya ajali ya barabarani iliyomuua pia mumewe.

Tazama jina lake kamili: Dekha, Ibrahim, Abdi. La kwanza ni lake, la pili la baba, la tatu la babu. Mwanamke wa Kisomali haachi jina la baba yake anapoolewa. Sisi Waswahili tulikuwa na mtindo huo huo kwa "binti": Siti binti Saad, Mwana Kupona binti Mshamu. Kwa hiyo jina la kwanza ndilo pekee alilochaguliwa msichana. Mengine yote ni nasaba. Hii ndiyo sababu uchaguzi wa neno hilo moja hupimwa sana.

Wapo na wengine kwenye uwanja wa umma, na kila mmoja kwa tahajia yake. Deqa Yasin alikuwa waziri wa masuala ya wanawake na haki za binadamu nchini Somalia. Deqa Dhalac aliapishwa Desemba 2021 kuwa meya wa South Portland, jimbo la Maine, na akatambuliwa kuwa meya wa kwanza Marekani mwenye asili ya Kisomali. Popote walipofika Wasomali, kuanzia Hargeisa hadi Minneapolis na London, jina hili lipo. Halijawahi kuwa jina la kila nyumba kama Fatuma. Ni jina la familia fulani, la bibi fulani, linalorudi baada ya kizazi.

Je, lafaa kwa Mwislamu?

Swali hili huulizwa Pwani kila jina lisilo la Kiarabu linapotajwa. Jibu la wanazuoni linajulikana: kinachoangaliwa ni maana. Jina lenye maana nzuri lafaa kwa lugha yoyote, na jina lenye maana mbaya halitakaswi na Uarabu wake. Kisa cha Asiya aliyeitwa Jamila chatosha kwa upande huo wa pili. Kwa upande wa kwanza, tumtazame Mwana Kupona, mtunzi mashuhuri wa kisiwa cha Pate katika karne ya 19. "Kupona" si Kiarabu, na hakuna aliyeutilia shaka Uislamu wake. Jina lenye maana ya zawadi na kukinai halina pa kukwama.

Karatasi nne, tahajia tatu

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama majina yangebaki midomoni. Lakini jina la mtoto wa Bulla Pesa, sawa na la mtoto wa Kisauni, hupita kwenye mikono mingi. Mama ajifungua, na karani auliza:

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

"Deeqa."

"Deka?"

"Ndiyo, Deeqa."

Karani aandika Deka, na mama, akiwa amechoka na mtoto mikononi, aondoka. Katika kadi ya kliniki muuguzi mwingine aandika Dekha. Shuleni mwalimu aandika Deqa, kwa kuwa baba ndiye aliyempeleka na ndivyo alivyomwandikia. Cheti cha mtihani kinatoka na jina la shuleni. Akifika miaka 18 aenda kuomba kitambulisho, na afisa mbele yake ana karatasi nne za wasichana watatu, ambao wote ni yeye.

Kwa msichana wa Nyeri, hilo ni usumbufu wa hati ya kiapo na siku moja iliyopotea. Kwa msichana wa kaskazini lilikuwa jambo zito zaidi, kwa sababu kwa miongo mingi waombaji wa huko walipitishwa kwenye kamati za kuwahoji kabla ya kupewa kitambulisho, na herufi isiyolingana ilitosha kuzua maswali. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa uhakiki huo wa ziada. Watu wa Pwani waijua habari hii vizuri. Wapemba wa Kilifi na Wamakonde wa Kwale walihangaika miaka mingi kabla ya kutambuliwa, na wapo Waswahili wengi walioulizwa cheti cha babu. Uhakiki ukiondolewa, bado karatasi zisizolingana zabaki kuwa karatasi zisizolingana: kwenye pasipoti, kwenye benki, kwenye ombi la ufadhili wa chuo.

Mzazi afanye nini

Kinga yenyewe ni nyepesi, ila yataka ifanywe mapema.

Amueni tahajia nyumbani kabla ya mtoto kuzaliwa, na muiandike. Ukipenda Deeqa ya Kisomali sanifu, sawa. Ukipenda Dekha iliyozoeleka Kenya, sawa pia. Muhimu ni moja tu, na baba na mama wawe na hiyo hiyo. Fika hospitalini au kwa naibu wa chifu na jina likiwa kwenye karatasi, ulitoe lisomwe, usilitamke tu. Kabla ya kuondoka, soma fomu ya taarifa ya kuzaliwa herufi kwa herufi. Hakuna karani atakayekasirika ukimwomba kwa adabu arekebishe pale pale.

Sajili uzazi ndani ya miezi sita, maana baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa wenye masharti zaidi. Kama jina limeandikwa vibaya au mmelibadili, sheria ya usajili wa vizazi na vifo yampa mzazi nafasi ya kuliandikisha upya ndani ya miaka miwili ya usajili. Ukipita hapo, mabadiliko huhitaji hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hiyo ni gharama ambayo e moja ingeiokoa. Mtoto aanzapo shule, peleka cheti cha kuzaliwa na usimamie kuwa daftari lifuate cheti, wala si sikio la mwalimu.

Na kwa sisi tusio wazazi, yaani walimu, makarani, wahubiri na wenzake darasani, kazi ni fupi zaidi. Tukikutana na Deeqa, tumuulize aliandikaje jina lake kabla hatujaliandika sisi. Ulimi wetu ukishindwa na ile q, tuseme Deka bila haya, maana ndivyo Kiswahili kinavyoipokea qaf. Ila tusimtanie kuwa adeka. Akituuliza maana ya jina lake, tumpe yote mawili kwa pamoja: umetolewa kwa ukarimu, na waliokupata wamekinai.